Bakshishi, ada, chai na hongo: kuyataja malipo ya msafiri bila kuyapotosha

Chukua mfano wa wageni wanane kutoka Dar es Salaam wanaomaliza chakula cha usiku katika mgahawa wa Houston, Marekani. Bili inaletwa mezani. Chini ya bei ya chakula na kodi kuna mstari wenye neno la Kiingereza "gratuity" na asilimia 18. Chini ya jumla kuna nafasi tupu iliyoandikwa "tip". Mkalimani wa kundi anafungua kamusi kichwani mwake na kusema: "Mstari wa kwanza ni kiinua mgongo, wa pili ni bakshishi." Wageni wanatazamana. Hapajastaafu mtu. Kwa kuwa wameambiwa kuwa haya ni malipo mawili tofauti, wanalipa yote mawili, na mhudumu anapata asilimia 18 iliyokwisha kukatwa pamoja na asilimia 20 nyingine.

Kosa hilo halikutokana na ufinyu wa msamiati. Kiswahili kina maneno mengi ya malipo madogo kuliko yanavyotarajiwa na wengi: bakshishi, tuzo, ada, ujira, arbuni, dhamana, makato, kilemba, kifungua mlango, kiinua mgongo, takrima, chai, hongo, rushwa. Tatizo ni kuyatumia kana kwamba yanabadilishana nafasi. Makala haya yanaonyesha kwamba kila mojawapo limefungwa kwenye mambo matatu: wakati wa kutoa, hiari ya mtoaji na haki ya mpokeaji. Anayetafsiri kwa kuangalia mambo hayo matatu mara chache atakosea, na anayetafsiri neno kwa neno anaweza kumtia msafiri hasara, au hata matatani na sheria.

Maswali matatu ya kutangulia

Kabla ya kuchagua neno, mwandishi au mfasiri ajiulize:

1. Malipo haya ni deni au ni hiari? Je, mteja asipoyatoa atakuwa amevunja mapatano?
2. Yanatolewa lini: kabla ya huduma, wakati wa huduma, au baada yake?
3. Mpokeaji ana haki ya kuyapokea? Anayapokea kwa jina la ofisi, kwa stakabadhi, au kwa mkono wake mwenyewe?

Kiswahili kimezoea kuyapanga malipo kwa wakati. Kifungua mlango hutangulia kazi, kama ile fedha anayopewa mganga kabla hajaanza kuagua. Kilemba hufunga kazi: mwanafunzi wa ufundi akihitimu, humpa mwalimu wake kilemba. Kiinua mgongo nacho huja mwisho kabisa, pale mgongo ulioinama kazini kwa miaka unapoinuliwa kwa mkupuo wa fedha mkataba ukiisha au mfanyakazi akistaafu. Kwa hiyo mhudumu aliyeleta samaki na wali mezani hawezi kupewa kiinua mgongo, hata kama neno la Kiingereza kwenye bili linafanana na lile lililo katika mkataba wa ajira. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mambo mawili, Kiswahili kimeyatenga.

Bakshishi

Bakshishi ni neno lenye asili ya Kiajemi, kutoka katika kitenzi chenye maana ya kutoa na kusamehe. Katika Kiswahili ni nomino ya ngeli ya I-ZI: bakshishi hii, bakshishi hizi. Maana yake ya msingi ni fedha au kitu anachopewa mtu, juu ya malipo yake ya kawaida, kwa kuridhishwa na kazi aliyoifanya. Katika miji ya utalii neno tipu nalo husikika sana, hasa miongoni mwa wahudumu wa hoteli, waongozaji wa watalii na wapagazi wa mlimani. Katika maandishi rasmi, bakshishi ndilo linalofaa zaidi. Katika Kiswahili cha Kongo, msafiri anaweza kukutana na neno matabishi kwa maana iliyo karibu na hiyo.

Vitenzi vinavyoandamana na bakshishi vinafundisha jambo. Bakshishi hutolewa, mtu hupewa bakshishi, au hutunzwa. Kusema "kulipa bakshishi" kunakwaruza sikio la mzungumzaji makini, kwa sababu kulipa hudai kuwepo kwa deni: hulipwa bili, hulipwa nauli, hulipwa ada. Kitenzi hicho kinaweza kutumika kama kipimo. Pale ambapo "kulipa" kunakaa sawa bila kukwaruza, huenda kinachozungumzwa si bakshishi.

Sahihi: Walimpa mhudumu bakshishi ya dola tano.
Sahihi: Walilipa ada ya huduma ya asilimia 18.
Iepukwe: Walilipa kiinua mgongo cha asilimia 18 mgahawani.

Jambo la kuvutia ni kwamba mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, inatumia kipimo cha namna hiyohiyo. Katika ufafanuzi wake wa mwaka 2012, malipo huhesabiwa kuwa bakshishi ikiwa mteja anayatoa bila kulazimishwa, anapanga kiasi mwenyewe, kiasi hicho hakiamuliwi na utaratibu wa mwajiri, na mteja ndiye anayeamua nani apokee. Asilimia 18 inayoongezwa na mgahawa wenyewe kwa kundi kubwa haitimizi masharti hayo. Hata kama bili imeandika "gratuity", kisheria hiyo ni ada ya huduma. Mkalimani wa Houston angesema hivi: "Mstari wa kwanza ni ada ya huduma, imekwisha kujumlishwa. Wa pili ni bakshishi ya hiari. Mkipenda mnaweza kuongeza." Sentensi tatu hizo zingeokoa fedha za wageni wanane.

Neno moja, desturi nyingi

Hata neno sahihi likipatikana, uzito wake hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, bakshishi ni nyongeza ya ukarimu. Ikikosekana, hakuna aliyedhulumiwa. Nchini Marekani hali ni tofauti. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Majimbo kadhaa yana viwango vya juu zaidi, lakini Texas inafuata kiwango hicho cha shirikisho. Hivyo bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, ambayo kisheria ni hiari, kwa desturi ni sehemu ya ujira wa mtu. Mfasiri wa kijitabu cha wasafiri akiandika tu kwamba "bakshishi ni hiari" atakuwa ameeleza sheria na kuficha desturi. Ni afadhali aandike: "Bakshishi si lazima kisheria, lakini inatarajiwa, kwa kuwa wahudumu wengi huitegemea kama ujira."

Ufaransa ni kinyume chake. Huko bei iliyoandikwa katika orodha ya vyakula imekwisha kujumuisha huduma, na mteja akiacha sarafu chache mezani anaonyesha tu kwamba ameridhika. Nchini Japani kutoa bakshishi si desturi, na mhudumu anaweza kumkimbilia mteja barabarani ili amrudishie fedha akidhani zimesahauliwa. Nchini Uingereza bili za migahawa mingi huwa na mstari wa ada ya huduma inayoitwa ya hiari, mara nyingi asilimia 12.5, mteja anaweza kuomba iondolewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria ya nchi hiyo inamtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi fedha hizo zote bila kujikatia fungu. Hapo maneno "ada" na "hiari" yanagongana, maana ada kwa kawaida ni lazima. Mfasiri asijaribu kuuficha mgongano huo kwa kuandika "bakshishi". Aandike "ada ya huduma (ya hiari)", na msomaji atajua kwamba imeongezwa na mgahawa lakini inaweza kukataliwa.

Ikumbukwe pia kwamba neno ada lenyewe lina mipaka yake. Nchini Tanzania ada ya shule ndiyo inayoitwa karo nchini Kenya. Kwa malipo ya viza, ya hifadhi au ya huduma, ada inaeleweka pande zote mbili.

Safari ya neno hongo

Hakuna neno linaloonyesha umuhimu wa haki ya mpokeaji kuliko hongo. Leo hongo ni fedha anayopewa mtu ili apindishe wajibu wake, na mtoaji na mpokeaji wote wana hatia. Katika karne ya 19 lilikuwa neno la msafiri, na lilitajwa hadharani. Misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilitoa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita: nguo za merekani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Ugogo, nchi kame iliyo katikati ya njia, ilijulikana mno kwa hongo, kwa kuwa msafara wenye mamia ya wapagazi haukuweza kuivuka bila maji na chakula cha wenyeji.

Richard Burton aliyepita Ugogo mwaka 1857, na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871, wote waliandika kuhusu madai hayo kwa uchungu wa watu walioona wananyang'anywa. Kwa mtawala wa Ugogo, hata hivyo, hongo ilikuwa ushuru. Nchi ni yake, visima ni vya watu wake, na mgeni hupita kwa ruhusa. Ilijadiliwa kwa siku kadhaa, ikapatanwa, na ikishatolewa msafara ulipata njia. Kwa maneno ya leo, ilikaribia zaidi ada ya viza kuliko rushwa.

Utawala wa kikoloni uliponyakua mamlaka ya watawala hao, haki ya kupokea ilihamia kwa serikali. Malipo yaliyokwenda serikalini yaliitwa kodi, ushuru na ada. Neno hongo likabaki na malipo yasiyo na haki nyuma yake. Kitendo cha kumpa fedha mwenye uwezo wa kuzuia njia hakikubadilika. Kilichobadilika ni uhalali wa mpokeaji. Kwa hiyo mwalimu anayesomesha maandishi ya karne ya 19, au mfasiri wa kumbukumbu za misafara, asiandike kwamba misafara "ilitoa rushwa" kwa watemi. Kwa maandishi ya wakati ule, hongo lisomwe kama ushuru wa kupita.

Chai, soda na kitu kidogo

Baina ya bakshishi na hongo kuna maneno ya kujificha. Ofisa wa mpakani anayesema "niachie ya chai" au "huna kitu kidogo?" hakusema hongo, na kwa makusudi hakusema. Chai ni neno la ukarimu. Mgeni hukaribishwa kwa chai. Katika ombi hilo ukarimu umepinduliwa: mgeni ndiye anayetakiwa kumnywesha mwenyeji, kabla hajapigiwa muhuri.

Hapa swali la wakati linasaidia sana. Fedha inayoombwa kabla ya huduma, na mtu ambaye tayari analipwa mshahara kuitoa huduma hiyo, bila stakabadhi, haiwezi kuwa bakshishi hata ikipewa jina tamu. Nchini Tanzania Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inayosimamiwa na TAKUKURU, na nchini Kenya sheria ya rushwa ya mwaka 2016, haziangalii jina ambalo wahusika wameipa fedha hiyo.

Mfasiri wa maelezo ya shahidi ana mtihani mgumu zaidi. Shahidi akisema kwa Kiswahili, "Aliniomba pesa ya chai," tafsiri ya neno kwa neno itamfanya hakimu wa nchi ya mbali adhani ni kinywaji. Tafsiri ya "bakshishi" itahalalisha kitendo. Tafsiri ya "rushwa" nayo itamlisha shahidi neno ambalo hakulitamka. Njia ya haki ni kuyahifadhi maneno yake na kuongeza ufafanuzi mfupi kwamba usemi huo kwa kawaida hutumika kuombea malipo yasiyo rasmi. Ndivyo pia inavyopasa kufanywa mtalii akieleza kwa lugha yake kwamba alimpa ofisa bakshishi: neno lake libaki, na hukumu aiachiwe hakimu.

Historia ya neno takrima inaonya vivyo hivyo. Takrima inatokana na shina moja na karimu na ukarimu, na maana yake ni kumkirimu mgeni. Iliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania kama ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapigakura, hadi Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Neno jema lilikuwa limetandikwa juu ya kitu ambacho wengi walikiona kuwa ni rushwa.

Arbuni, dhamana na kiasi kinachozuiwa

Hotelini msafiri hukutana na neno jingine la Kiingereza lenye sura nyingi: "deposit". Kiswahili hulazimisha uchaguzi, na uchaguzi huo una faida.

Arbuni ni malipo ya awali yanayofunga mapatano. Yatahesabiwa ndani ya bei. Dhamana hushikwa ili kukinga hasara na hurudishwa chumba kikikabidhiwa salama. Amana ni fedha iliyowekwa kwa mtu au benki ili itunzwe. Hati inayosema "utalipa arbuni ya dola 100" inamwambia mgeni kwamba atadaiwa dola 100 pungufu. Hati inayosema "utaweka dhamana ya dola 100" inamwambia kwamba bei haipungui, ila dola 100 zitarudi. Mara nyingi hoteli haichukui fedha bali huizuia katika kadi kwa siku kadhaa. Hapo iandikwe "kiasi kitazuiwa katika kadi yako", wala si "kitakatwa", kwa sababu makato ni fedha iliyokwisha kuondoka.

Kuvunja, kubadili na chenji

Anayevunja noti hupata noti au sarafu ndogo za nchi ileile. Anayebadili fedha hutoa shilingi na kupokea rial au dola. Chenji ni baki inayorudishwa baada ya kulipa, na salio ni kinachobaki katika akaunti au simu. Mambo matatu ya kwanza hubebwa na neno moja la Kiingereza, "change"; kwa hiyo bango la uwanja wa ndege lenye neno hilo lisitafsiriwe "chenji" bali "kubadilisha fedha". Anayetaka kumwachia dereva kilichozidi husema, "Chenji baki nayo," na papo hapo chenji inakuwa bakshishi.

Uangalifu huohuo unahitajika katika kusoma tarakimu. Muscat, ambako wazungumzaji wa Kiswahili ni wengi, bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta, kwa kuwa rial 1 ya Oman ni baisa 1,000. Bei "10.500" ni rial kumi na nusu, yaani baisa mia tano juu ya kumi; si elfu kumi na mia tano. Kwa kuwa rial moja ni takriban dola 2.60, kosa la kusoma hapo si dogo. Baisa na pesa ni maneno ndugu. Yote mawili yanatokana na paisa ya Bara Hindi, iliyosafiri na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Nchini Ujerumani alama zimegeuzwa: "1.250,00" ni elfu moja mia mbili na hamsini. Katika tafsiri ya Kiswahili, kiasi kiandikwe kwa alama zilizozoeleka Afrika Mashariki na, penye hatari ya kuchanganya, kirudiwe kwa maneno.

Mashine ya kadi nayo huuliza swali ambalo wengi hulijibu bila kulielewa: mteja alipe kwa fedha ya nchi aliyomo au kwa fedha ya nchi yake? Jibu la pili huonekana la kirafiki, lakini kwa kawaida kiwango cha ubadilishaji kinachotumika hapo humwongezea mteja gharama. Swali hilo likitafsiriwa, lisiishie kwenye neno "sarafu", ambalo msomaji anaweza kulichukua kuwa ni fedha ya chuma. "Lipa kwa rial za Oman" na "lipa kwa shilingi za Tanzania" ni wazi zaidi.

Kwa ufupi

Bakshishi: baada ya huduma, kwa hiari, kwa mtu aliyehudumia, hutolewa.
Ada ya huduma: imo ndani ya bili na imepangwa na mwenye biashara, hulipwa.
Kiinua mgongo: mwisho wa ajira au mkataba, si neno la mgahawani.
Arbuni: kabla ya huduma, hupunguza deni.
Dhamana: kabla ya huduma, hurudishwa.
Chai, kitu kidogo: jina la kufunika; lihifadhiwe katika ushahidi na lifafanuliwe.
Hongo: leo ni rushwa, katika maandishi ya misafara ya karne ya 19 ni ushuru wa kupita.

Pale ambapo orodha hii haitoshi, maswali matatu yaulizwe tena: lini, kwa hiari ya nani, na kwa haki gani. Msafiri hana muda wa kufungua kamusi mbele ya mhudumu au ofisa anayesubiri. Kazi hiyo inapaswa kuwa imekwisha kufanywa na mfasiri aliyeandika kijitabu alichokishika mkononi.